Mjadala: Mitambo ya umeme ya kuchoma mafuta ya Kipevu (Mombasa) na Rabai (Kilifi) izimwe, Pwani ya Kenya itegemee laini ya umeme ya Nairobi?

Mkaazi wa Tudor: Mimi nasema izimwe. Kila mwezi twalipia gharama ya mafuta kwenye bili, na Olkaria, Bonde la Ufa, kuna umeme wa mvuke wa ardhini ulio nafuu. Laini ya kilomita 482 kutoka Nairobi ipo. Ya nini watu wa Changamwe, jirani na Kipevu, kuvutishwa moshi?

Fundi, Changamwe: Ndugu yangu, moshi huo nauvuta mimi. Lakini ukizima zote leo, jioni volteji, yaani msukumo wa umeme, itashuka Pwani nzima. Kwenye laini ndefu ya kilovoti nyingi, ukinzani wa waya si tatizo kubwa. Kinachoila volteji zaidi ni usumaku unaozunguka nyaya njia nzima. Mota za viyoyozi (AC), za friji, za pampu na za bandarini huvuta mkondo wa ziada kwa ajili ya usumaku wao, na mkondo huo ukisafirishwa kutoka bara, volteji inafika huku imechoka. Jenereta ya Kipevu huutoa papa hapa. Kazi hiyo bili haiionyeshi.

Laini yenyewe ilijengwa kwa kilovoti 400, ikaanza kazi 2017 kwa 220. Kwa mzigo ule ule, 400 hupunguza mkondo karibu nusu, na umeme unaopotea kwa joto la nyaya hubaki chini ya theluthi ya ule unaopotea kwa 220.

Mama wa Kisauni: Fundi, friji yangu hukataa kuwaka kila magharibi, na mtaa wa pili taa ziko sawa. Hiyo nayo ni Nairobi?

Fundi, Changamwe: La, mama. Hapo transfoma ya mtaa imezidiwa, au waya wenu ni mwembamba na umevutwa mbali. Lalamikeni kwa pamoja, na mtake volteji ipimwe saa moja jioni, si saa nne asubuhi.

Mkaazi wa Tudor: Basi kushikilia volteji lazima tuchome mafuta?

Fundi, Changamwe: Si lazima, na hili ndilo la kudai. Kapasita, vifaa vinavyotoa mkondo huo wa usumaku bila kuzunguka, husaidia, ila volteji ikianguka nazo hudhoofika, wakati ule ule zinapohitajika. Jenereta kuukuu yaweza kugeuzwa izungushwe na umeme wa gridi, yaani mtandao wa taifa, isichome mafuta, iendelee kutoa mkondo huo wa usumaku. Igeuzwe moja kwanza, ipimwe msimu wa joto wa Januari hadi Machi AC zikiwaka zote. Ikiweza kushikilia volteji, zilizobaki zizimwe na mimi nitatia sahihi.