Kuzamia Cape Town bila boti: Long Beach, Windmill au Oudekraal?

mzamiaji_chole: Wakuu habari za muda. Nakuja Cape Town mwezi wa saba kikazi, nitapata Jumamosi moja tu ya kwangu. Mimi nimezoea Mafia na Mnemba, maji ya nyuzi 27 hivi, wetisuti (suti ya mpira ya kuzamia) ya milimita 3 maisha yanaenda. Boti sitaki, nataka kuingia kwa miguu kutoka ufukweni. Nimetajiwa Long Beach ya Simon's Town, Windmill, na Oudekraal upande wa Atlantiki. Wapi kuna viumbe wengi bila kwenda chini sana? Mita 10 zinanitosha kabisa.

Bint_Muizenberg: Karibu mkuu. Kwa mwezi wa saba Oudekraal isahau. Winta huku pepo zinatoka kaskazini magharibi na mawimbi yanapiga upande wa Atlantiki, wakati Simon's Town imejificha nyuma ya mlima, kwa hiyo False Bay, ghuba yenye Long Beach na Windmill, ndo inakuwa safi. Kiangazi ni kinyume, upepo wa kusini mashariki unasukuma maji ya juu ya Atlantiki yaende mbali na maji ya chini yanapanda, unaona mbali sana ila ni nyuzi 10 na wakati mwingine chini ya hapo, na upepo huohuo unavuruga False Bay. Kwa hiyo uliza upepo kwanza, jina la ufukwe baadaye.

Atlantiki_damu: Oudekraal ikikaa vizuri hakuna mfano, ndo maana kila mtu anaitaja. Ila kwa Julai dada yuko sahihi, sibishi.

mzee_wa_mchanga: Mimi nasema Long Beach. Watu wanaidharau eti ya wanafunzi wa kozi, mchanga mtupu, wanapita mbio kama wamechelewa daladala halafu wanasema hawajaona kitu. Nenda polepole uone, kuna pweza, ngisi, taa wamejifukia mpaka macho tu yanabaki nje, bunju nao wamejaa. Usiku ndo kabisa. Na kuingia ni rahisi, mawimbi madogo, hamna mwani wa kukusumbua.

kaka_kelpu: Mzee heshima yako ila jamaa ana Jumamosi moja tu, usimpeleke kwenye mchanga ambao hata Mafia anao 😂 Windmill bana. Kitu ambacho kwetu hakipo ni msitu wa kelpu, mwani wenye shina nene kama mkono unaopanda kutoka kwenye jiwe chini mpaka juu ya maji, unaogelea katikati ya mashina jua linashuka kwa vipande. Mawe makubwa ya graniti, na chini ya kila jiwe kuna mtu wake: kamba mawe, viti vya pweza vya rangi zote, na wale wa duara wenye miiba mwili mzima, ambao wakiwa hai usiwanyanyue maana vitoto vya perlemoeni (konokono wakubwa wa baharini) vinajificha chini ya miiba yao. Angalia kwenye mapango ya chini utakuta papa wa pajama wamelala wawili watatu, mistari myeusi toka kichwani hadi mkiani. Halafu kuna kale kapapa kadogo ka madoa ya kahawia, kakiogopa kanajikunja duara na kufunika macho kwa mkia. Usikashike kwa ajili ya picha tafadhali.

mzamiaji_chole: Kaka umenimaliza. Hiyo kelpu haishiki mtu? Na wale papa wa matundu saba ya kupumulia, wa Miller's Point hukohuko False Bay, bado wapo?

kaka_kelpu: Inashika vali ya mtungi na mapezi. Ukinasa usizunguke, rudi nyuma kidogo, bado imeshika kunja shina kwa nguvu linakatika. Ukiibuka juu yake lala kifudifudi ujivute kwa mikono, usipige mapezi. Bora ubakize hewa ya kurudi kwa chini.

Bint_Muizenberg: Papa hao usiwahesabu kwenye mpango. Tangu oka (nyangumi wauaji) wawili, wanaoitwa Port na Starboard, walipoanza kuwaua na kula maini yao miaka ya 2015 na 2016, wale wengi waliokuwa wanakusanyika pale walihama.

mzee_wa_mchanga: Haya Windmill sawa, ila vaa milimita 7, kofia, glavu na buti, maji yatakuwa 13 mpaka 15. Risasi za mkanda wa kukuzamisha zitaongezeka sana kuliko ulivyozoea, na kwenye kina kifupi suti nene inakurusha juu ghafla, kwa hiyo pima uzito wako palepale kwa Long Beach kwanza dakika kumi halafu ndo uende. Beba dumu la maji ya uvuguvugu ujimwagie ndani ya suti kabla ya kuingia na ukitoka. Kibali cha kuzamia nacho usisahau, eneo lote hilo ni hifadhi ya bahari tangu 2004, duka la kukodi mitungi watakuelekeza.

mzamiaji_chole: Sawa mzee, Long Beach asubuhi kupima, Windmill baadaye. Glavu za milimita ngapi?

mzee_wa_mchanga: 5. Na kwenye gari usiache kitu kinachoonekana.