Mtaa unataka watoto wasionekane nje baada ya saa tatu usiku. Naombeni ushauri kabla ya Jumapili

MamaKulwa
Habari za jioni ndugu zangu. Mimi ni mkazi wa Igoma, Mwanza, mama wa mapacha, Kulwa na Doto, miaka 16, kidato cha tatu. Baba yao alishatangulia mbele za haki. Nakaanga samaki karibu na stendi mpaka saa nne usiku.

Jumapili tuna mkutano wa mtaa. Wanataka aliye chini ya miaka 18 asionekane barabarani kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Akikamatwa na ulinzi shirikishi analala ofisini, mzazi anakuja kumkomboa kwa faini. Tukipitisha, wataiomba serikali iifanye sheria ya jiji zima.

Nikisema siogopi nitakuwa muongo. Mwezi uliopita binti wa jirani alinyang'anywa simu darajani na kuchanwa mkono kwa kisu. Anasema mmoja wao hata sauti ilikuwa haijavunjika. Kwa hiyo nawaelewa wanaotaka marufuku.

Lakini wiki mbili kabla ya hapo walinzi walimsimamisha Kulwa. Alikuwa ametangulia na karai la mafuta, kalishika kwa matambara mikono miwili, mimi nimebaki nafuta meza. Wakamwambia akae chini. Akasema, "Naombeni niweke karai kwanza." Wakaona anabisha, wakamsukuma. Mafuta yakamwagikia mguu wa kushoto, kuanzia kifundo mpaka vidoleni. Hakuna aliyekuja hata kusema pole. Tangu siku hiyo anapita njia ya nyuma, kule kwenye mawe kusiko na taa, ili asikutane nao. Hapo ndipo usingizi unaniruka.

Nikubali au nikatae? Na nikikataa, nimwambie nini mama wa yule binti, ambaye tunaimba naye kwaya moja?

Mzee wa Kisesa
Pole sana mayu. Mimi nilikuwa sungusungu miaka ya 1980, wezi wa ng'ombe walipotusumbua huku Usukuma. Kijana tukimkuta njiani tulimuuliza, "Wewe wa kwa nani?" Akijibu, tunamsindikiza hadi mlangoni, tunamkabidhi kwa baba yake. Marufuku naiunga mkono, maana usiku una mengi. Ila anayelinda lazima amjue mtoto ni wa nani. Hao waliomsukuma mwanao ni wa mtaa huo kweli?

Mwalimu wa Zamu
Dada, kubali. Kipindi cha kwanza nina wanafunzi wanaolala juu ya daftari kwa sababu ya vibanda vya video na kubeti. Iceland wanayo sheria hiyo: wa miaka 12 kushuka chini mwisho saa mbili usiku, wa 13 hadi 16 saa nne, na majira ya joto wanaongezewa saa mbili.

Ziwani
Mwalimu, umeacha nusu ya habari. Hao Iceland walijaza watoto kwenye vilabu vya michezo, na wazazi wenyewe ndio wanaozunguka mitaani usiku. Marekani miji mingi ina marufuku ya aina hii, na uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka 2016 haukuona kuwa inapunguza uhalifu. Hapa giza linaingia karibu saa moja mwaka mzima. Mama wa mtu anafunga biashara saa nne, mtoto akamsubiri wapi?

Nyakwar Kisumu
Majirani, sisi tulipitia kafyu ya korona, Machi 2020 hadi Oktoba 2021. Haikuwa ya watoto, ilikuwa ya kila mtu. Siku za mwanzo kabisa mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi Nairobi, polisi wakitekeleza kafyu. Alikuwa kwao, kwenye baraza ya ghorofani. Mama, kabla ya kuuliza saa, uliza nani atapewa rungu.

Karani Mstaafu
Dada yangu, nisikilize. Mkutano wa mtaa hauna uwezo wa kutunga sheria. Sheria ndogo inatungwa na halmashauri, nayo ina taratibu zake. Dai kuonyeshwa hiyo faini imeandikwa wapi, na stakabadhi yake. Pili, na usinichukie: Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumtumikisha mtoto usiku. Wakitaka kukugeuzia kibao watashika hapo. Tafuta namna Kulwa awe nyumbani mapema. Tatu, ulichukua PF3, ile fomu ya polisi ya aliyeumizwa?

MamaKulwa
Asanteni nyote. Karani, siwezi kukuchukia, umenigusa penye ukweli. Kijana wa bodaboda amekubali kunibebea jiko na karai, nami nimpe samaki kila Jumamosi. Kulwa kuanzia leo anarudi saa moja na pacha wake.

Jana nilikwenda kwa mama wa binti. Bado anataka marufuku, nami nimemwambia wazi kwamba nitaikataa nikiwa nimesimama. Alinyamaza muda mrefu, halafu akaomba auone mguu wa Kulwa. Alipouona akasema la taa pale darajani tutaliomba pamoja, na majina ya walinzi yasomwe mbele ya watu wote.

PF3 sikuchukua, nilinunua dawa ya kupaka tu. Karani, kidonda kimeshafunga, ngozi mpya imeota. Nikienda kesho na mtoto, watanipa?