Nilikatwa titi, nataka nitengenezewe jingine kabla ya Desemba. Naombeni ushauri

Binti Nyegezi: Wakuu habari zenu. Nilikatwa titi la kushoto sababu ya kansa, matibabu nimemaliza namshukuru Mungu, sasa nataka jingine. Kuna silikoni na kuna ile wanachukua nyama ya tumboni wanahamishia kifuani. Moyo wangu uko kwenye silikoni. Waliofanya, ipi nzuri? Msinihukumu tafadhali.

Ngosha wa Igoma: Ya tumbo dada, unapata titi na kitambi kinaondoka bure.

Mama Dagaa: Pole mwanangu. Mamdogo wangu wa Ukerewe nae alikatwa, alijishonea kifuko cha pamba na mchele ndani ili kipate uzito, anakivaa kwenye sidiria hakuna anayejua. Siku moja yuko kwenye meli ya Nansio mvua ikamnyeshea, mchele ukavimba, kushuka bandarini titi moja limelizidi lenzake mara mbili, tulicheka mpaka yeye mwenyewe akalia kwa kucheka.

nesi_wa_usiku: Ulichomwa mionzi?

Binti Nyegezi: Kwani inahusiana nini na swali langu?

nesi_wa_usiku: Sana. Ngozi iliyopigwa mionzi inakakamaa na damu haipiti vizuri, silikoni hapo kidonda kinaweza kugoma kupona, au mwili ukaibana ikawa ngumu kama jiwe, mwisho inatolewa. Ndio maana wengi waliochomwa wanashauriwa nyama yao wenyewe, tena baada ya kusubiri miezi kadhaa.

Binti Nyegezi: Sawa nilichomwa, hospitali ya Bugando, nimemaliza Agosti. Ila ngozi imeshapona umebaki weusi tu. Na advansi nimeshalipa hospitali moja nje ya Mwanza, wao hawana shida na mionzi. Ya tumbo siitaki, kovu toka nyonga hadi nyonga, harusi yenyewe Desemba.

nesi_wa_usiku: Hawana shida au hukuwaambia?

Binti Nyegezi: Fomu ilikuwa na maswali mengi.

Kirumba Boy: Na bwana harusi anajua?

Binti Nyegezi: Anajua nilifanyiwa opareshani.

Kirumba Boy: Ya titi?

Binti Nyegezi: Ya kifua.

Mtumishi: Binti, ndoa ya kufichana haina baraka. Mwambie, akikimbia Mungu kakuepusha.

Mzee wa Kijiwe: Hii chai wakuu, stori ya kutunga. ID hii hii mwezi wa sita ilikuwa inatafuta injini ya mtumbwi, ikasema ina mke na watoto watatu.

Binti Nyegezi: ID ni ya kaka yangu, nimeazima.

Mzee wa Kijiwe: Kwahiyo kaka ndio anaolewa Desemba 😂

Ngosha wa Igoma: Sukari nani analeta?

nesi_wa_usiku: Iwe chai isiwe chai, kesho piga simu uwaambie habari za mionzi, na rudi kwa daktari wako wa saratani kabla hujalala kwenye kitanda cha opareshani. Kama unameza tamoksifeni, vile vidonge vya kuzuia kansa isirudi, sema pia, inaongeza hatari ya damu kuganda.

Binti Nyegezi: Hivyo vidonge niliacha, usiku vilikuwa vinanipandisha joto shuka linalowa.

nesi_wa_usiku: Uliacha kwa ruhusa ya nani?

Binti Nyegezi: Modi naomba ufunge uzi.