Ahame kampuni kwanza, au abadilike hapo alipo?

Mtunza_Leja: Wadau, shikamooni wakubwa. Mhasibu msaidizi, miaka 6 dawati lile lile, anataka CPA (cheti cha uhasibu wa kitaalamu). Kila msimu wa mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi Tanzania, analipa tuisheni na kununua vitabu. Wiki ya 3 vitabu vinapigwa vumbi. Sasa anataka kuhama kampuni, anaamini kule ataamka. Sahihi? Naomba hatua, "jiamini" ameshaambiwa.

Salio_Anzia: Marahaba. Akihama, atahama na yeye mwenyewe. Ugeni wa ofisi utamsukuma miezi miwili, mitatu, kisha jioni zake zitaliwa na kilekile kinachozila leo.

Aandike kwenye karatasi sababu zote za kuitaka CPA, bila kuchuja. Kila moja aiulize: kama hakuna atakayejua nimefaulu, bado naitaka? Nyingi zitakufa hapo, kwa kuwa ni za bosi, za mjomba, au za wenzake waliomtangulia cheo. Isipobaki hata moja, aokoe ada yake. Kuacha CPA si dhambi.

Nyongeza ya mshahara si sababu mbaya, ila ni dhaifu saa 3 usiku. Mwaka 1971 mwanasaikolojia Edward Deci aliwapa wanafunzi mafumbo ya kupanga vipande, akawalipa baadhi yao dola 1 kwa kila fumbo. Malipo yalipoondolewa, muda wao wa kuyachezea kwa hiari ulipungua. Anayesoma kwa sababu ya mshahara tu huacha siku anapoona mshahara hauongezeki.

Alfajiri_Moja: Mkuu hapo juu yuko sawa, ila nia haifungui kitabu. "Nitasoma jioni" ni hewa. Aseme: "Nikimaliza kuosha vyombo vya usiku, nakaa mezani nafanya swali 1 la mtihani uliopita, dakika 25." Wiki 2 za kwanza swali moja tu, hata akijisikia kufanya matano. Wengi huanza na saa 3 kwa siku. Umeme ukikatika jioni moja ratiba imekufa, na mtu anajihukumu mvivu.

Ajaribu swali kabla ya kuona jibu, kisha kosa liingie kwenye daftari: swali, nilipokosea, kanuni. Mfano, IAS 7 (kiwango cha kimataifa cha taarifa ya mtiririko wa fedha) kwa njia isiyo ya moja kwa moja, inayoanza na faida: uchakavu umetolewa badala ya kurudishwa kwenye faida. Akiona kosa hilo halijirudii, hapo ndipo anaanza kujiona anaweza. Maneno ya kutia moyo hayafiki huko.

Na zile siku 21 za kujenga tabia zinazouzwa mitandaoni, achana nazo. Utafiti wa Lally na wenzake London, watu 96, ulikadiria siku 18 hadi 254 ili tabia izoeleke, katikati siku 66. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu.

Kinyume_Chake: Msimtwishe yeye lawama zote. Kama ofisi inamwachia saa 2 usiku na daladala inamla saa moja na nusu, moyo utafanya nini? Wiki 1 aandike anatoka saa ngapi, anafika saa ngapi, analala saa ngapi. Zikibaki chini ya saa 5 kwa wiki, kuhama ni jibu halali, na hadi hapo asajili masomo machache. Zikibaki 10 na zinaishia kwenye simu, simu ilale chumba kingine. Kampuni haina kosa.

Mtunza_Leja: Karatasi imeandikwa. Sababu 9, zimebaki 2, zote za ukaguzi. Cheo kimekufa cha kwanza!

Salio_Anzia: Basi asiandike barua ya kuacha kazi bado. Kama kuna ukaguzi wa ndani hapo hapo, aombe kushiriki kuhesabu stoo wakati wa kufunga mwaka. Siku 2 za kulinganisha kadi za stoo na mzigo uliopo rafuni. Akitoka na vumbi na bado anataka kujua katoni 4 zimepotelea wapi, ajisajili.