Bango la Dracula ya 1958: la asili au la kuchapwa juzi? Na koga nitaikwepa vipi?

Baraza_Vuga
Assalaam aleikum wanajamvi. Kuna bango la Dracula ya Hammer, kampuni ya filamu ya Uingereza, ile ya Christopher Lee na Peter Cushing. Limelala (upana umezidi urefu), lina mikunjo, na limechanika kama inchi mbili chini kushoto. Litatundikwa nyumba ya mawe Mji Mkongwe, upande wa bahari. Nitajuaje kama ni la asili? Nilitundike vipi lisiote koga? Na swali la wapenzi wa sinema: kwa nini mabango haya ya mumiani wa Kizungu bado yanakamata macho kuliko ya filamu za sasa?

LenziYaSonara
Waaleikum salaam. Mwanzo lipime. Bango la Uingereza la kulala ni inchi 40 kwa 30. La Marekani la miaka ile husimama, 27 kwa 41, na huko filamu hii ilitoka kwa jina la Horror of Dracula. Ukipata 24 kwa 36, hilo la duka la zawadi, usijisumbue nalo.

Likiwa la Marekani, tazama ukingo wa chini: pawe na namba inayoanza na 58, halafu mkwaju, halafu tarakimu nyengine. Herufi R mbele ya mwaka maana yake filamu ilirudishwa tena sinema, na bango ni la awamu hiyo. La Uingereza usilitafutie namba hiyo, halinayo. Hilo tafuta jina la mpiga chapa pembezoni.

Kisha azima lenzi ya sonara, ile inayokuza mara kumi. Wengi hukosea hapa: wakiona nukta za rangi kwenye uso wa Dracula wanasema feki. Sivyo, hata la asili la 1958 laweza kuwa na nukta kwenye picha. Tazama maandishi madogo ya majina ya waigizaji. La asili herufi zake zimejaa wino na kingo zimekatika safi. La kunakili lilipigwa picha zima zima, kwa hiyo hata herufi zimevunjika nukta nukta.

La mwisho, funga macho upitishe kidole kwenye mikunjo. Kuna nakala ambazo mikunjo imechapwa tu. Jicho linaiona, kidole hakiioni.

Bi_Karafuu_Chake
Mwanangu, kabla ya fremu, mchano kwanza. Selotepu marufuku: gundi yake hugeuka kahawia, inapenya hadi upande wa picha na haitoki tena.

Tumia wanga wa ngano, si unga wa ngano. Kijiko kimoja cha wanga kwa vijiko vitano vya maji, moto mdogo, koroga bila kuacha dakika 20 hadi 30 mpaka uji uwe wa kung'aa kidogo. Upoe, uchuje kwa kitambaa, uzimue kidogo. Chana (usikate kwa mkasi) ukanda wa karatasi nyembamba ya Kijapani, upana wa sentimita moja, upake uji kiasi tu, ubandike nyuma. Weka karatasi ya kuokea keki juu na chini, kisha karatasi ya kunyonya maji, kisha vitabu vizito, saa 24. Uji ukizidi, karatasi inajikunja kama chapati iliyosahauliwa. Na kabla ya yote gusa wino pembeni kwa pamba iliyotiwa maji kidogo. Ukitoka, acha.

Koga huota unyevu ukipita asilimia 65 hivi, na kwetu masika hatushuki hapo. Kuta za mawe na chokaa hunywa maji na chumvi, kwa hiyo usitundike ukuta wa nje hata siku moja. Chagua ukuta wa ndani, na kila pembe nyuma ya fremu gundisha kipande cha kizibo cha sentimita moja hewa ipite. Baina ya bango na kioo weka kadi isiyo na asidi ya milimita tatu, vyenginevyo wino utanata kwenye kioo. Koga ikishaota, usipanguse kwa kitambaa kibichi, utaisambaza. Acha ikauke kabisa, toa nje, brashi laini, na uvae barakoa.

Karafuu za kufukuza wadudu sawa, lakini zisiguse karatasi, mafuta yake hutia doa. Na chetezo cha udi kikae mbali.

Popo_wa_Malindi
La tatu niachieni. (Na Popobawa, lile jini letu la visiwani, asiletwe hapa, uzi utahama.)

Nosferatu ya 1922 na Dracula ya mwigizaji Bela Lugosi ya 1931 hazina rangi, na Lugosi haonyeshi meno wala humwoni aking'ata. Bango ndilo lililotia wekundu, nayo filamu ikamwachia mtazamaji amalizie mwenyewe. Hata Hammer walipoleta damu ya rangi, Lee anazungumza mwanzoni tu, baadaye ni macho na meno. Mtu wa namna hiyo anachoreka. Filamu za sasa bango ni vichwa sita vya waigizaji vimepangwa kama picha ya harusi.

Tazama la 1968, Dracula Has Risen from the Grave. Uingereza mchora mabango Tom Chantrell alichora Dracula kwa kujitumia mwenyewe kuwa modeli. Marekani wakaweka shingo ya mwanamke na plasta mbili za dukani. Hamna popo, hamna ngome, na umeelewa kila kitu.

Baraza_Vuga
Shukran. 40 kwa 30 kamili, herufi zimejaa, mikunjo inahisika. Fundi fremu anataka kulibandika moja kwa moja kwenye ubao ili linyooke.

Bi_Karafuu_Chake
Mnyang'anye leo leo.

LenziYaSonara
Na mwambie asilielekeze dirishani. Jua hula nyekundu na njano kabla ya buluu. Damu itakuwa ya kwanza kuondoka.