Je, mkunga mpya aachiwe zamu ya usiku peke yake zahanati?

Hoja ninayoiweka mezani ni hii: mkunga aliyemaliza stashahada na kupata leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga asiachiwe zamu ya usiku peke yake katika zahanati mpaka awe amefanya kazi angalau miezi mitatu chini ya mkunga mzoefu katika hospitali ya wilaya. Nazifikiria hasa zahanati za pembezoni za wilaya za Nanyumbu, Tandahimba na Liwale, kusini mwa Tanzania, ambako wakati wa mvua gari la wagonjwa huweza kukwama kwenye tope huku mama aliyepewa rufaa akivuja damu.

Muuguzi wa shahada hupitia mwaka mmoja wa utarajali, yaani kufanya kazi chini ya usimamizi baada ya masomo. Wa stashahada hana kipindi hicho, na mara nyingi ndiye anayepelekwa mahali ambapo hakuna wa kumwita.

Wapo watakaosema kwamba alikwisha kuzalisha akiwa chuoni na kwamba kitabu chake cha vitendo kimesainiwa. Ni kweli, lakini tutazame mazingira yenyewe. Mwanafunzi huwa na wenzake kitandani: mtoto akizaliwa bila kulia, mmoja humkausha na kumpulizia hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza, mwingine humchoma mama oksitosini yuniti 10, dawa ya kuzuia kuvuja damu, na wa tatu hujaza patografu, chati ya kufuatilia uchungu na kujifungua. Zahanati, saa nane usiku, mtoto hapumui na mama anavuja damu kwa wakati mmoja, na mkunga ni yeye tu. Aanze na nani? Uamuzi wa namna hiyo hujengeka kwa zamu nyingi za kusimama kando ya anayejua, ukimwona anavyopanga, kisha naye asimame kando yako ukipanga wewe.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni ya ikama, yaani idadi ya watumishi. Halmashauri ikiwashikilia wapya hospitalini, zahanati zitabaki tupu na akina mama watajifungulia njiani. Siipuuzi hofu hiyo. Ndiyo maana napendekeza wabadilishane: mkunga mzoefu wa hospitali aende zahanati kwa miezi hiyo, na mpya akae nafasi yake. Lakini mlezi wa mpya huko hospitalini achaguliwe kwa makini na apunguziwe mzigo, kwa sababu mpya akiulizwa mbele ya wagonjwa "chuoni ulisomea nini?", hatauliza tena, na asiyeuliza ni hatari kuliko asiyejua.

Mwingine ataleta takwimu, kwamba vifo vya uzazi nchini vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022, kwa hiyo utaratibu uliopo unatosha. Mafanikio hayo yanafurahisha sana. Hata hivyo, kadiri akina mama wanavyokubali kujifungulia vituoni, ndivyo tunavyowiwa kuhakikisha kwamba anayewapokea hayuko peke yake katika miezi yake ya kwanza.

Waliowahi kuwapanga watumishi katika wilaya za Mtwara na Lindi watueleze: kubadilishana huko kunakwamishwa na posho, nyumba za watumishi, au kukosekana kwa agizo? Na wakunga mlioanzia zahanati, ni nani mliyemtegemea usiku wa kwanza mambo yalipoharibika?