Msaada: yt-dlp inanipa picha bila sauti, nahitaji video za fizikia kwa ajili ya darasa

mwalimu_wa_kigoma

Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwalimu wa fizikia kwenye sekondari moja ya kata huku Kigoma vijijini. Maabara yetu ina mabenchi, mizani miwili na sumaku, basi. Somo la mawimbi nimelifundisha miaka minne kwa kuchora ubaoni, na kila mwaka naona wanafunzi wananakili mistari ya kupanda na kushuka bila kuelewa kwamba kile ni kitu kinachotembea. Mwaka huu tumepata projekta, na sola ya ofisini inaweza kuiwasha kama saa mbili. Nataka nishushe video za Khan Academy za mawimbi na sumaku-umeme zikae kwenye kompyuta, maana darasani mtandao haupo. Ukitaka 4G unapanda kilimani nyuma ya nyumba za walimu.

Nilianza na zile tovuti za kubandika linki. Moja ikaniwekea programu nisiyoiomba, tangu hapo kivinjari kikawa kinajifungua chenyewe na matangazo ya kamari. Kijana mmoja akanisafishia kompyuta, akanipa yt-dlp, programu ya kushusha video za YouTube, kwenye flashi akisema hii ni huria, haina matangazo. Sasa niliyokutana nayo:

Nikiibofya mara mbili, kidirisha cheusi kinatokea na kupotea kabla sijasoma kitu.

Nikafuata maelekezo niliyoyakuta mahali, nikafungua cmd (kile kidirisha cheusi cha Windows cha kuandika amri), nikaandika yt-dlp na kubandika linki ya orodha nzima. Ikashusha video moja tu, kisha ikaandika `'list' is not recognized as an internal or external command`.

La tatu ndilo lililoniuma. Maelekezo yalisema niandike `-f 137+140`. Ikala MB 160 za bando langu, mwisho nikapata mafaili mawili: moja picha bila sauti, la pili sauti bila picha. Na tangu jana hata hilo haifanyi, inasema `HTTP Error 403: Forbidden`.

Kompyuta ni Windows 10, RAM GB 4. Sijasomea kompyuta, naombeni mnielekeze kama mtu anayeanza.

mti_mkavu

Pole sana mwalimu. Nianze na hizo MB 160, kwa sababu hazijapotea. Usiyafute hayo mafaili.

YouTube inahifadhi picha na sauti kila kimoja peke yake. 137 ni picha tupu ya 1080p, 140 ni sauti tupu. yt-dlp kazi yake ni kuzileta, ila anayezishona kuwa faili moja ni programu nyingine inayoitwa ffmpeg, na huyo kijana hakukupa. Aliyekuandikia amri ile alikuwa nayo tayari kwenye mashine yake, akasahau kusema. Ukishaipata, fungua cmd kwenye folda yenye hayo mafaili uandike:

`ffmpeg -i picha.mp4 -i sauti.m4a -c copy kamili.mp4`

Badilisha majina yawe ya mafaili yako. Hiyo `-c copy` inaunganisha bila kuchakata upya, kwa hiyo hata kwa GB 4 za RAM ni sekunde chache.

Kidirisha kinachopotea ni kawaida. yt-dlp haina vitufe, inasubiri uiandikie amri. Tengeneza folda `C:\ytdlp`, weka kila kitu humo, ifungue, kisha bofya pale juu panapoonyesha anwani ya folda, futa, andika `cmd`, piga Enter. Kidirisha cheusi kitafunguka kikiwa tayari ndani ya folda hiyo na hakitapotea.

Hilo la 'list' linatokana na alama ya & iliyo katikati ya linki. Kwa cmd, & maana yake ni "amri ya kwanza imeisha, inafuata nyingine". Ikaichukua nusu ya linki kama video moja, halafu ikajaribu kuendesha neno list kama programu. Dawa ni kuifunga linki yote ndani ya alama za kunukuu, mwanzo na mwisho. Kila mara, hata kama linki haina &.

Andika `yt-dlp --version` utuambie inasomaje.

mwalimu_wa_kigoma

Asante sana mkuu. Inasoma 2023.03.04.

mti_mkavu

Hapo ndipo 403 yako ilipotokea. Hiyo namba ni tarehe: toleo la tarehe 4 Machi 2023. YouTube hubadilisha mambo yake kila mara na toleo la zamani hukwama. Kopi za kupeana kwenye flashi mara nyingi ndivyo zilivyo. Futa hiyo, nenda GitHub, tovuti inakohifadhiwa miradi ya programu huria, kwenye mradi wa yt-dlp wenyewe, sehemu ya matoleo, uchukue `yt-dlp.exe`. Baada ya hapo ukiona imeanza kusumbua, jambo la kwanza kabla ya kuuliza popote ni `yt-dlp -U`. Inajisasisha yenyewe.

Na kuna la tatu ambalo maelekezo ya zamani hayana kabisa. Kuanzia toleo la 2025.11.12 unahitaji pia programu ya kuendesha JavaScript (lugha ya programu inayotumiwa na tovuti), wanapendekeza Deno. YouTube hutuma fumbo la JavaScript ambalo kivinjari hulitatua bila wewe kujua. Zamani yt-dlp ililitatua kwa ujanja wake wa ndani, sasa mafumbo yamekuwa magumu mno. Bila Deno utaona onyo, na baadhi ya viwango vya picha havitaonekana.

Kwa hiyo folda yako iwe na `yt-dlp.exe`, `ffmpeg.exe`, `ffprobe.exe` na `deno.exe`. Hizo mbili za ffmpeg zinatoka kwenye zipu moja, zimo ndani ya folda ya bin. Zipu hiyo inazidi MB 100, kwa hiyo kama kuna mtu anaenda mjini mpe flashi akuchukulie kwenye mtandao wa ofisi au chuo. Mwambie tu achukue kwenye kurasa za miradi yenyewe.

bint_pwani

Shikamoo mwalimu. Mie naongezea upande wa bando, maana huko ndiko pesa inakoyeyuka.

Usichukue 1080p. Video za Khan ni ubao mweusi na maandishi ya rangi, 480p kwenye projekta inasomeka vizuri kabisa. Kabla ya kushusha chochote andika `yt-dlp -F "linki"`. F kubwa. Haishushi kitu, inakuorodheshea kila kiwango na ukubwa wake kwa MB, wewe unachagua ukijua. Sauti ile ya 140 ni kilobiti 128 kwa sekunde, yaani karibu MB 1 kwa dakika. Kinachokula ni picha.

Amri ninayoitumia:

`yt-dlp -S "res:480,vcodec:h264" "linki"`

Maana yake: nipe iliyo bora isiyozidi 480p, na ikiwezekana iwe ya h264 (mojawapo ya njia za kubana video). Hilo la h264 ni kwa ajili ya kompyuta yako. Ukiacha ichague yenyewe inaweza kukuletea AV1 au VP9, njia mpya zaidi za kubana, na mashine ya zamani inazicheza kwa kukwamakwama, picha inasimama sauti inaendelea.

Na tahadhari, sasa ukiweka alama za kunukuu linki yenye list itashusha orodha YOTE. Mimi iliwahi kunikuta: nilitaka video moja, nikaenda kuoga, narudi bando la wiki limekwisha na video thelathini na kitu ziko ndani. Ukitaka moja weka `--no-playlist`. Ukitaka chache weka `--playlist-items 1-5`.

mwalimu_wa_kigoma

Marahaba binti. Hiyo ya -F nimeijaribu sasa hivi. Video ile ile iliyonilia MB 160, kwa 480p ni MB 31. Nimeitazama hiyo namba kwa muda.

mzee_wa_hoja

Samahanini ndugu zangu, nina swali na ninauliza kwa nia njema. Masharti ya YouTube hayakatazi kushusha? Mwalimu ni mfano kwa watoto.

mti_mkavu

Swali la haki mzee wangu. Ndiyo, masharti ya YouTube yanakataza kushusha isipokuwa pale wanapotoa kitufe chao au kuwe na ruhusa, na hilo mwalimu alijue kabla ya kuamua. Upande wa mwenye kazi ni jambo lingine: Khan Academy wametoa masomo yao kwa leseni ya Creative Commons inayoruhusu kuyanakili na kuyagawa bila biashara, ukitaja chanzo. MIT OpenCourseWare nao vivyo hivyo, na wao wanakuwekea video za kupakua kwenye tovuti yao wenyewe. Mwalimu hauzi.

Ila nakubaliana nawe kwamba chombo hiki si ruhusa ya kuzoa kila kitu. Msanii wa hapa nyumbani anayelipwa kwa watazamaji, ukimshusha na kumsambaza kwenye flashi za stendi umemnyang'anya. Na zile huduma za filamu za kulipia zenye kufuli la DRM (la kuzuia kunakili), yt-dlp haizigusi, wasimamizi wake walikataa hilo tangu mwanzo. Kujua video ina leseni gani unaweza kuuliza bila kuishusha:

`yt-dlp --print "%(title)s | %(license)s" "linki"`

Ikijibu NA, maana yake mwenyewe hakuweka alama ya leseni hapo YouTube, katafute kwenye tovuti yake.

mzee_wa_hoja

Nimeelewa, ahsante kwa maelezo. Mwalimu endelea, Mungu akubariki.

kaka_wa_nakuru

Mwalimu hujambo. Nimesoma hapo kwamba 4G iko kilimani. Mbona upande na kompyuta? Tumia simu. Kama ni Android, weka Termux (programu ya kuandika amri kwenye simu) kutoka F-Droid, duka la programu huria, kisha:

`pkg install python ffmpeg nodejs`
`pip install -U "yt-dlp[default]"`
`termux-setup-storage`

Hiyo ya mwisho itakuomba ruhusa ya kuandika kwenye hifadhi ya simu, kubali. Kwa simu tumia Node (ndiyo hiyo nodejs, nayo huendesha JavaScript) badala ya Deno, ongeza `--js-runtimes node` kwenye amri. Video zikiingia unashuka nazo na kebo ya USB.

Lingine: kwa sababu unataka Khan yenyewe, tafuta Kolibri ya Learning Equality. Ni programu huria ya shule zisizo na intaneti. Unaingiza masomo mara moja ukiwa na mtandao, video na mazoezi pamoja, halafu kompyuta yako inakuwa seva ndogo: simu na tableti zikiunganishwa na waifai yake zinafungua masomo bila MB hata moja. Sisi tunaitumia shuleni na mazoezi yake ndiyo watoto wanayapenda kuliko video. yt-dlp bado itakufaa kwa yale ambayo Kolibri haina.

mwalimu_wa_kigoma

Kaka, hilo la Kolibri sikuwahi kulisikia. Nitaliangalia likizo nikifika mjini.

Nirudi na taarifa. Mwenzangu alienda Kigoma mjini juzi, amerudi na flashi yenye vitu vyote vinne. Nimeunganisha yale mafaili mawili ya mwanzo, sekunde tatu, sauti na picha vimekaa pamoja. Nilikuwa nimeshakata tamaa nayo.

Swali: nimechoka kuandika amri ndefu kila mara, na nikikosea herufi moja inakataa. Kuna namna ya kuzihifadhi?

bint_pwani

Ipo. Fungua Notepad, andika:

`-S "res:480,vcodec:h264"`
`--download-archive zilizoshuka.txt`
`-o "%(playlist_index)s - %(title)s.%(ext)s"`

Hifadhi kwa jina `yt-dlp.conf` ndani ya folda ile ile. Kuanzia hapo unaandika `yt-dlp "linki"` tu. Mstari wa pili unaweka kumbukumbu ya kila iliyokwisha kushuka, ukirudia orodha kesho inaziruka. Wa tatu unazipanga kwa namba ili darasani zifuatane.

mwalimu_wa_kigoma

Nimefanya hivyo, bado inataka kuleta 1080p. Nimeisimamisha kwa Ctrl+C haraka.

bint_pwani

Mwalimu, kwenye ile folda bofya View juu, weka tiki kwenye File name extensions. Kisha angalia jina la faili lako tena.

mwalimu_wa_kigoma

Linasoma `yt-dlp.conf.txt`. Notepad imeongeza mkia na Windows ilikuwa imeuficha. Nimeufuta huo mkia na sasa inafanya.

mwalimu_wa_kigoma

Wakuu, ya leo. Jana usiku nilipanda kilimani na kompyuta kwa mara ya mwisho kabla ya kuhamia kwenye simu. Video ya tisa ilipofika asilimia 62 chaji ikaisha. Nikajua imekwenda. Asubuhi nimewasha, kwenye folda kuna faili limeishia na `.part`. Nikarudia amri ile ile: nane za kwanza ikasema zimeshasajiliwa, ya tisa ikaendelea palepale kwenye 62, ikamaliza na kuandika `[Merger] Merging formats into`. Haikula upya hata MB moja ya zile za jana.

Kipindi cha nne nimewaonyesha kidato cha nne ile ya wimbi kwenye kamba. Tulisimamisha picha kwenye fundo moja la kamba, nikaendelea kidogo kidogo, wakaona fundo linapanda na kushuka lakini haliendi mbele, na wimbi linaenda. Binti mmoja wa nyuma akasimama akauliza, "Kwa hiyo mwalimu, kinachosafiri si kamba?" Miaka minne nimelisubiri swali hilo.

Zimebaki video 14 za sumaku-umeme. Naanza leo saa nne usiku, kwa simu.